Hifadhidata Inayokubali Hapa na Kukataa Pale: Uchunguzi wa Hitilafu Zinazofuata Kompyuta

Hifadhidata ndogo za kompyuta ya mezani zimeingia katika kazi ya lugha kimyakimya. Kadi za msamiati zilizokuwa zikipangwa katika visanduku vya mbao, orodha za miswada, alama za mitihani, vyote hivyo vyaweza kukaa katika faili moja la Microsoft Access, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na ambayo tangu toleo la 1995 hubeba ndani yake lugha kamili ya kuandikia amri, iitwayo VBA. Mara nyingi mwandishi wa amri hizo si mhandisi, bali ni mhadhiri au msaidizi wa utafiti aliyejifunza kadiri ya haja yake. Naye, mapema au baadaye, hukutana na lalamiko lile lile: faili linafanya kazi barabara katika kompyuta yake, lakini linakataa katika kompyuta ya mwenzake, ilhali msimbo ni mmoja, herufi kwa herufi.

Lalamiko hili aghalabu hujibiwa kwa njia mbili, na zote mbili ni dhaifu. Wako wanaosoma msimbo wao upya, mstari kwa mstari, wakitafuta kosa ambalo halimo. Wako pia wanaoagiza programu yote iondolewe katika kompyuta korofi na kuwekwa upya, jambo ambalo mara nyingine hufaulu bila ya mtu yeyote kujua sababu, na kwa hiyo haliongezi maarifa yoyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mahali pa kutazama kwanza si katika yale msimbo unayoyasema, bali katika yale unayoyachukulia kuwa yapo bila ya kuyataja.

Mwanaisimu hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Ichukuliwe sentensi "tuonane saa tatu". Mswahili wa Mombasa atafika asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mgeni aliyejifunza maneno lakini akabaki na hesabu ya saa za kwao atafika alasiri. Sentensi haina kosa la sarufi, na kila mmoja ameielewa kwa ukamilifu kwa mujibu wa desturi yake. Msimbo nao ni matini, na kila kompyuta ni muktadha: ina tarehe zake, alama zake za desimali, maktaba zake, herufi zake. Mchunguzi anayeisoma sentensi mara kumi bila ya kuuliza aliyeisikia ni nani, hatapata jibu.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu kompyuta, yafaa kuhakikisha kwamba ndiyo inayofuatwa na hitilafu. Iko aina moja ya kosa ambayo hujifanya kuwa ya kompyuta, nayo yawahusu sana watunga kamusi wa Kiswahili. Ikiwa msimbo hutafuta neno kwa kuliweka kati ya alama mbili za nukuu moja moja, neno kama ng'ombe litaikata sentensi ya utafutaji katikati, kwa sababu kibainishi cha ng' ni alama ile ile inayofunga nukuu. Programu itatoa kosa namba 3075. Sasa, kama kazi imegawanywa, mmoja akaingiza herufi A hadi M na mwingine N hadi Z, ni dhahiri kwamba malalamiko mengi yatatoka kwa huyo wa pili, na kila mtu atasema kwamba kompyuta yake ni mbovu. Dawa ni kukirudufu kibainishi kabla ya kukituma, yaani Replace(neno, "'", "''"), au, bora zaidi, kulipitisha neno kama kigezo cha ulizo badala ya kulishona ndani ya sentensi. Kipimo chake ni chepesi: neno lile lile liingizwe katika kompyuta zote mbili. Likikwama kote, kosa ni la neno. Na huyo anayenakili maneno kutoka katika faili la Word ataleta balaa la aina nyingine, kwa kuwa Word hukipinda kibainishi kikawa alama nyingine kabisa. Hiyo haivunji sentensi, ila neno lililoandikwa kwa alama iliyopindwa halitaonekana na anayelitafuta kwa alama iliyonyooka.

Kipimo hicho kikishathibitisha kwamba hitilafu yafuata kompyuta, hatua inayofuata ni kulinganisha, wala si kukisia. Yatosha karatasi yenye safu mbili, moja ya kompyuta nzima na moja ya kompyuta korofi: toleo la Office na idadi ya biti zake, mpangilio wa eneo, lugha ya programu zisizotumia Unicode, orodha ya marejeo, njia ya faili, jina la aliyeingia. Maneno ya ujumbe wa kosa yanakiliwe kama yalivyo pamoja na namba yake. "Inakataa tu" si ushahidi.

Marejeo

Miongoni mwa visababishi vya hitilafu hizi, kinachopotosha zaidi ni marejeo ya maktaba. Msimbo wa VBA hautendi kila kitu peke yake. Hukopa kutoka katika maktaba zilizowekwa na programu nyingine, kwa mfano Excel kwa kutolea majedwali au Word kwa kuandikia barua. Orodha ya maktaba hizo huhifadhiwa ndani ya faili la hifadhidata, lakini maktaba zenyewe hubaki katika kompyuta. Faili likihamishwa, orodha huenda nalo, maktaba haziendi.

Ugumu hutokana na mahali kosa linapojitokeza. Maktaba moja ikikosekana, mradi mzima hushindwa kufasiriwa, na programu husimama katika neno lolote ambalo lilihitaji kutafutwa katika orodha hiyo. Mara nyingi neno hilo ni la kawaida kabisa, kama Left, Format au Date, ambalo limo katika maktaba ya msingi na halina uhusiano wowote na ile iliyokosekana. Ujumbe husema kwamba mradi au maktaba haikupatikana, na mshale huonyesha Date. Mwandishi huishangaa Date kwa siku nzima. Anapaswa kuiacha, afungue orodha ya marejeo katika menyu ya Tools, tena aifungue katika kompyuta inayokataa, si katika ile yake, na atafute mstari uliotiwa neno MISSING. Ikiwa maktaba hiyo haitumiki tena, alama yake iondolewe, na Date itapona papo hapo.

Liko jambo jingine kuhusu marejeo ambalo huleta ugomvi kati ya wenzi wa ofisi moja. Faili likifunguliwa katika kompyuta yenye Office mpya zaidi, rejeo la Excel hupandishwa lenyewe hadi toleo jipya. Likirudishwa katika kompyuta ya zamani, halishuki. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani hulifunga faili zima Ijumaa na kulikuta bovu Jumatatu, ingawa yeye hakugusa kitu, na mwenzake naye huapa kwa haki kwamba hakubadilisha hata herufi moja.

Tiba ya kudumu ni kutoitaja maktaba kwa toleo lake. Badala ya kutangaza kigezo kuwa cha aina ya Excel.Application na kutegemea rejeo, kigezo hutangazwa kuwa Object tu, kisha Excel huitwa wakati wa kazi kwa CreateObject("Excel.Application"). Tofauti yake ni kama ile ya barua iliyoandikiwa mkuu wa idara na barua iliyoandikiwa mtu aliyekuwa mkuu mwaka ule: ya kwanza humfikia yeyote aliyekalia kiti. Gharama yake ni kwamba majina ya thamani yaliyokuwa yakitolewa na maktaba hayatajulikana tena. Aliyezoea kuandika xlUp atalazimika kuandika thamani yake, -4162. Na hapa ndipo inapoonekana faida ya kuweka Option Explicit juu ya kila moduli, kwani bila ya hiyo jina lisilojulikana huchukuliwa kuwa kigezo kipya kisicho na kitu, na kazi huendelea kwa thamani ya uongo.

Kuna pia utata wa majina. Maktaba mbili za kufikia data, DAO na ADO, zote zina kitu kiitwacho Recordset, kama vile Kiswahili kilivyo na kaa wa baharini na kaa la moto. Programu huchagua iliyotangulia katika orodha. Access 2000 na 2002 ziliyapa mafaili mapya rejeo la ADO bila ya DAO, toleo la 2003 likaweka zote mbili, na mafaili ya mtindo wa accdb ulioanza 2007 yakarudi kwa DAO. Msimbo uliozaliwa katika faili la mtindo mmoja ukinakiliwa katika faili la mtindo mwingine hutoa kosa namba 13, la kutolingana kwa aina. Kwa kuwa faili hilo jipya aghalabu limeundwa katika kompyuta nyingine, lawama huangukia kompyuta. Kuandika DAO.Recordset kwa ukamilifu humaliza shauri.

Juu ya biti 32 na 64 maneno machache yatatosha, maana kosa hili lina kelele na halimfichi mtu. Access 2010 ndiyo ya kwanza kutolewa pia kwa biti 64, na tangu Office 2019 aina hiyo ndiyo inayowekwa kama mtu hakuchagua. Amri za Declare zinazoita kazi za Windows moja kwa moja hukataliwa humo zisipokuwa na neno PtrSafe, na anwani za kumbukumbu lazima ziwe za aina ya LongPtr badala ya Long. Wako wanaobadilisha kila Long kuwa LongPtr kwa mkupuo mmoja. Hilo ni kosa, kwani namba ya kawaida si anwani. Ikumbukwe kwamba kinachoangaliwa ni biti za Office, si za Windows, na kwamba faili lililofungwa kwa mtindo wa accde katika Office ya biti 32 halifunguki katika ya biti 64, hata msimbo wake uwe safi namna gani. Kadhalika vidude vya zamani vya fomu, kama kalenda ya mscal.ocx, ambayo Access iliacha kuja nayo tangu 2010, havina tiba ila kuondolewa.

Tarehe

Kosa la tarehe halina kelele, na kwa sababu hiyo lastahili kuogopwa zaidi. Mashine inayokataa humlazimisha mtu kutafuta msaada. Inayokubali na kutoa jibu la uongo humwacha akitia saini orodha ya alama.

Lugha ya maulizo ya Access husoma tarehe iliyo kati ya alama mbili za # kwa desturi ya Marekani: mwezi kwanza, siku baadaye. Lakini VBA inapoigeuza tarehe kuwa maandishi, hufuata mpangilio wa eneo wa kompyuta. Basi mwandishi akishona sentensi yake kwa kuandika "#" & tarehe & "#", tarehe 4 Machi 2024 katika kompyuta yenye mpangilio wa Kenya au Uingereza hutoka 4/3/2024, nayo injini ya hifadhidata huisoma 3 Aprili. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa kuwa 3 Aprili ni tarehe halali. Maulizo huleta rekodi za siku nyingine, au haileti chochote, na mtu husema wanafunzi hao hawakufanya mtihani.

Linalozidisha utata ni huruma ya injini yenyewe. Ikipewa 25/3/2024 hutambua kwamba hakuna mwezi wa 25, ikageuza mpangilio na kuisoma sawasawa. Kwa hiyo kosa huonekana katika siku 12 za mwanzo wa kila mwezi tu, na hata humo siku moja huponyoka, ile ambayo namba yake ni sawa na ya mwezi. Aliyejaribu programu yake tarehe 20 ataapa kwamba ni nzima. Tena, kompyuta iliyoletwa kutoka ng'ambo na kuachwa na mpangilio wake wa Kimarekani ndiyo itakayotoa majibu sahihi, na zile zilizorekebishwa kwa uangalifu zifuate desturi ya Kenya ndizo zitakazokosea. Anayepita akisawazisha mipangilio ya kompyuta zote, akidhani anatibu, huenda akaueneza ugonjwa.

Dawa ni kutoiachia kompyuta uamuzi: Format(tarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#") hutoa mwaka kwanza, na mpangilio huo hausomeki kwa namna mbili. Mikwaju ya nyuma si pambo. Katika Format alama ya / haimaanishi mkwaju bali kitenganishi chochote kilichochaguliwa katika kompyuta ile, na alama iliyotanguliwa na mkwaju wa nyuma hubaki ilivyo.

Ndugu wa kosa hili ni mkato wa desimali. Katika kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama nyingi zilivyo katika Kongo, moja na nusu huandikwa 1,5. Ikishonwa katika amri ya kuingiza rekodi, injini huona thamani mbili, moja na tano, na kulalamika kwamba idadi ya thamani hailingani na ya nyuga. Kazi ya Str hutoa nukta daima. CStr hufuata eneo.

Herufi

Tatizo la herufi ndilo linaloigusa kazi ya lugha kwa undani, na waandishi wa miongozo ya ufundi hulipita upesi, pengine kwa sababu Kiingereza hakiwaumizi. Tangu Access 2000, majedwali huhifadhi maandishi kwa Unicode, na herufi karibu zote za dunia hukaa humo salama. Dirisha linaloandikiwa msimbo, kwa upande wake, halikupata mabadiliko hayo. Lenyewe lingali likitumia ukurasa mmoja wa herufi, nao huchaguliwa na mpangilio wa lugha ya programu zisizotumia Unicode, ambao hutofautiana baina ya kompyuta na kompyuta.

Ichukuliwe orodha ya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mwandishi wa msimbo, ambaye kompyuta yake imepangwa kwa Kiarabu, ameandika neno سواحلي ndani ya amri ya kuchuja rekodi. Faili likifunguliwa katika kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, neno hilo hilo katika msimbo husomeka ÓæÇÍáí. Baiti hazikubadilika, kilichobadilika ni ukurasa unaozifasiri. Majedwali yanaonekana vizuri kabisa, maneno ya Kiarabu yamo, ila utafutaji hauleti hata rekodi moja. Na hata katika kompyuta ya Kiarabu si herufi zote zilizo salama: ukurasa namba 1256 wa Windows una پ na چ na گ, lakini hauna ڤ, ambayo wanukuzi wengi wa leo huitumia kwa sauti ya /v/.

Hali ya Kikuyu ni mbaya zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba, na ĩ na ũ ni fonimu zinazojitegemea, wala si i na u zilizopambwa. Ukurasa namba 1252, unaotumiwa katika kompyuta zilizopangwa kwa Kiingereza, hauna hata moja kati yake. Anayejaribu kuzibandika katika msimbo atapata i na u tupu, au alama ya kuuliza. Sasa ifikiriwe amri iliyokusudiwa kurahisisha kazi ya wachapaji, wakaandika i~ na msimbo ukaigeuza kuwa ĩ. Ikiwa ĩ iliyomo katika msimbo imekwisha kugeuka i, amri itapita katika jedwali zima na kuzifanya irabu saba kuwa tano. Kadi zilizokusanywa kwa miezi kutoka kwa wazee vijijini zitabaki na umbo linalofanana na Kikuyu, na hakuna kazi ya kompyuta itakayoweza kukisia baadaye ni i ipi iliyokuwa ĩ. Wenye nakala ya akiba watairudia. Wasio nayo watarudi vijijini, wakiwakuta wazee hao.

Herufi hizo zisiandikwe kamwe ndani ya msimbo. Ziandikwe kwa namba zake, ChrW(297) kwa ĩ na ChrW(361) kwa ũ, au ziwekwe katika jedwali dogo ambalo msimbo utazisoma humo. Chr isiyo na W haifai, kwa sababu nayo hutegemea ukurasa wa kompyuta. Hali kadhalika, moduli yenye Option Compare Text hulinganisha na kupanga maneno kwa mujibu wa eneo la kompyuta, ilhali Option Compare Database hufuata mpangilio uliohifadhiwa katika faili. Kwa mtunga kamusi, ambaye mfuatano wa maneno ni nusu ya kazi, hiari iko wazi.

Mahali, ruhusa na masasisho

Sababu zilizobaki ni za nje ya msimbo. Njia ya faili iliyoandikwa kwa herufi ya diski, kama Z:, hufaulu pale tu ambapo herufi hiyo imefungwa na folda ile ile. Folda ya pamoja lazima imruhusu kila mtumiaji kuandika na kufuta, kwa kuwa Access huunda humo faili la kufuli lenye mkia laccdb. Asiye na ruhusa hiyo atalifungua faili la kusomwa tu, au atawazuia wenzake. Fomu na msimbo vitenganishwe na majedwali, kila mtu apewe nakala yake ya fomu, na majedwali peke yake yabaki mahali pamoja. Tangu Access 2007, faili lililo nje ya mahali palipoaminiwa hufunguka huku msimbo wake umezimwa, na vitufe havitendi kitu. Tangu 2022 masharti yameongezwa juu ya mafaili yaliyotoka katika intaneti, ambayo ni pamoja na yale yaliyotumwa kwa barua pepe.

Na mara chache lawama si ya msimbo, wala ya mtumiaji, wala ya mpangilio. Tarehe 12 Novemba 2019 masasisho ya usalama ya Office yalitolewa, na katika kompyuta zilizoyapokea amri za kubadilisha rekodi za jedwali moja kwa sharti fulani zilianza kutoa kosa namba 3340, likidai kwamba ulizo limeharibika. Matoleo ya 2010 hadi 2019 yaliguswa yote, pamoja na lile la kulipiwa kwa mwaka. Ulizo halikuwa limeharibika hata kidogo. Katika ofisi moja, kompyuta iliyosasishwa usiku ilikataa, na jirani yake ambayo haikuwa imeunganishwa na mtandao ikaendelea kama kawaida. Kuweka programu upya hakukusaidia, kwa sababu sasisho lilirudi lenyewe. Marekebisho yalitolewa katika majuma yaliyofuata. Kwa muda huo waliokuwa wamelinganisha tarehe za masasisho ya kompyuta mbili walitambua upesi kiini cha jambo, na njia ya kupita ilikuwa fupi: kuunda ulizo la kawaida linalosoma jedwali lile, kisha kuielekeza amri ya kubadilisha kwa ulizo hilo badala ya kwa jedwali lenyewe.